Taa ya Mama Edina

Sindano ya mizani iliyopima uelewa wa darasa ilikuwa imefika sabini na nane, na Edina Kihwele akafanya kile alichozoea kufanya kila alipopotea darasani. Alifumba mdomo, akalegeza mabega, akaomba moyoni: Bwana, unitulize.

Amani ikaja kama ilivyokuja siku zote, ikianzia kifuani na kushuka mpaka mikononi. Kwenye kioo cha masomo kilichotundikwa ukutani mwa ofisi ya kituo cha maji cha Idunda, juu kabisa, palikuwa na safu ya taa ndogo kumi na nne, kila moja na jina la mwanafunzi. Taa yake, iliyokuwa imeanza kuingia unjano, ikarudi kijani. Taa iliyofuata kwenye safu, ya Obadia Nzowa, nayo ikageuka. Kisha nyingine mbili. Sindano ikagusa themanini, na mwalimu wao, Daktari Gwakisa, akakatwa katikati ya sentensi. Ukurasa ukajifunua wenyewe. Sura ya nane ikaanza.

"Basi," alisema Daktari Gwakisa sauti yake iliporudi, akicheka kidogo. "Nilitaka kuongeza mfano mmoja, lakini naona mmeshanipita. Mama Edina, taa yako haijaniangusha tangu muhula uanze."

Edina aliinamisha kichwa kwa heshima. Hakuweza kujibu, maana kipaza sauti chake kilikuwa kimefungwa. Kilifunguka kwa mwenye taa nyekundu tu, kwa nusu dakika, aulize swali lake. Mwenye taa ya kijani alihesabiwa kuwa hana la kuuliza.

Utepe ulioziwasha taa hizo ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu, umelala kwenye paji la uso chini ya kilemba chake. Ulisoma mapigo ya damu, joto la ngozi, pumzi na mikunjo ya nyusi, ukamwambia mwalimu papo hapo nani yuko pamoja naye na nani ameachwa. Tangu chuo kiupokee, mitihani ilifutwa. Mtihani, walisema, humkuta mwanafunzi ameshapotea, utepe humkuta bado yuko njiani. Edina aliposikia maneno hayo mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa machozi, kwa sababu mtihani ndio uliomtoa shule akiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa alikuwa na hamsini na minne.

"Alhamisi tunamaliza," Daktari Gwakisa aliendelea. Alikuwa kijana bado, mwenye miwani aliyoipandisha puani kila baada ya maneno machache. "Sura ya tisa ni fupi. Mizani ikifika themanini, kozi inafungwa, na Jumatatu kila mmoja wenu anapokea ufunguo wa mtambo wa kituo chake. Nawaomba mkumbuke jambo moja. Mtambo mpya unamwaga dawa kwa namba utakayoiandika wewe. Hauulizi mara mbili."

Akaitazama safu ya taa.

"Na niseme hili pia, kwa kuwa tunakaribia kuachana. Muhula uliopita darasa langu lilikuwa njano mwanzo mpaka mwisho, nikaandikiwa barua ya onyo. Ninyi mmenirudishia heshima yangu. Mungu awabariki."

Edina aliitikia amina moyoni, na taa yake ikazidi kuwa kijani.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya matangi, na Swalehe Komba alikuwa ameshavaa buti zake za mpira, zile alizokwisha kumwahidi mlinzi. Alibakiza siku mbili kustaafu. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyetia dawa kwenye maji ya Idunda, na kwa ishirini na miwili kati ya hiyo Edina alikuwa pembeni yake, akiosha machujio, akisoma mita, akiandika kwenye daftari. Swalehe alikuwa Mngoni na Edina Mhehe, makabila ya watani, kwa hiyo hawakuwahi kumaliza saa nzima bila kutaniana.

"Mama mchungaji," alimwita, akiyatania maombi yake. "Njoo unioneshe huo usomi. Jumatatu mimi nitakuwa Songea nakunywa togwa, na wewe utakuwa peke yako na hilo sanduku."

Sanduku lilikuwa ni mtambo mpya, uliokaa ndani ya karatasi zake za nailoni karibu na ukuta. Edina alichukua kalamu. Pampu ilitoa lita elfu hamsini kwa saa. Kila lita ilitaka miligramu mbili za klorini. Alizidisha, akapata laki moja, akaigeuza kuwa gramu mia moja. Hapo alikuwa na uhakika. Kisha ikaja sehemu ya nguvu ya dawa: kwenye gunia pameandikwa sitini na tano kwa mia. Sura ya tatu. Alikumbuka kuwa sura ya tatu ilidumu dakika tisa. Alikumbuka pia kwamba katika dakika hizo aliomba mara mbili.

Alizidisha mia moja kwa sitini na tano kwa mia.

"Gramu sitini na tano za unga," alisema. "Kwa saa."

Swalehe hakucheka. Alichukua kopo lake la bati, lililopakwa alama nyekundu kwa ndani, akaliweka juu ya mizani ya jikoni iliyokuwa mezani, akalijaza unga mpaka kwenye alama.

"Soma."

"Mia moja."

"Mimi kila saa natia kopo moja na nusu. Aliyenifundisha alitia kopo moja na nusu. Wewe unataka kutia nusu kopo na kidogo?"

"Labda lenu ni nyingi kupita kiasi."

"Labda." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mwaka ule nilipougua, yule kijana wa mkataba alitia kopo moja moja, akidhani anatunza dawa. Ilikuwa msimu wa mvua kama sasa. Unakumbuka zahanati ilivyojaa?"

Edina alikumbuka. Mtoto wa dada yake alikuwa miongoni mwao. Waliwalaza wawili wawili, na harufu ya korido ile haikumtoka puani mpaka leo.

"Sasa kosa liko wapi?" aliuliza Swalehe. "Wewe ndiye msomi, nieleze. Mimi najua kopo tu."

Alizitazama namba. Zilimtazama. Hofu ikaanza kupanda, na kabla hata hajafikiri, midomo ikaanza: Bwana, unitulize. Akatulia. Na katika ule utulivu aliona wazi kwamba bado hajui chochote, ila tu sasa hajali sana.

Aliweka kalamu chini taratibu.

"Swalehe," alisema. "Taa yangu ni ya uongo."

*

Alimpigia Obadia Nzowa kabla ya saa nne. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, fundi wa pampu katika mji mwingine milimani, na pampu zao zilikuwa za mradi mmoja, aina moja, lita zile zile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile hesabu ya sura ya tatu, kwenye kituo chako, ulipata ngapi?"

"Sitini na tano. Nimeshaiandika kwenye mtambo."

Edina alishika ukingo wa meza. "Ufunguo si Jumatatu?"

"Mimi nimepewa wa majaribio. Mzee wetu wa dawa alifariki mwezi uliopita, hakuna mtu, ndiyo wakaniruhusu nianze. Leo siku ya nane."

"Obadia, namba hiyo ni ndogo. Ongeza."

"Ndogo kwa vipi, mama?"

"Swalehe hapa anatia mia na hamsini."

"Swalehe yule wa kopo?" Alicheka, si kwa ubaya. "Mama, tumetoka kwenye makopo. Nieleze kwa hesabu, nitaongeza hata sasa hivi. Nikizidisha dawa bila sababu, watu watalalamika maji yanawasha macho, na ufunguo wanaunyang'anya."

Hakuweza kumweleza. Hilo ndilo lililomchoma. Alijua kwamba kuna kosa kama mtu anavyojua kuna nyoka kwenye nyasi, lakini hakuweza kumwonesha kichwa wala mkia.

"Mwanangu, mimi sikuielewa ile sura."

"Taa yako ilikuwa kijani," alisema Obadia. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mama, mimi nilikuwa nimeachwa kabisa siku ile. Nikatazama juu, nikaona yako kijani. Nikasema, kama mama mtu mzima ametulia, basi jambo lenyewe ni jepesi, ni mimi tu najitisha. Nikatulia. Na yangu ikawa kijani."

"Siku zote unafanya hivyo?"

"Siku zote. Sidhani ni mimi peke yangu."

Edina alifumba macho.

"Naomba usilichafue, mama," Obadia aliongeza haraka. "Tumebakiza kipindi kimoja. Ukisema neno watafuta kozi nzima, na Daktari watamfukuza. Barua ya pili hiyo. Nitamwuliza mtu mwingine kuhusu hiyo namba, sawa?"

"Utamwuliza nani?"

Obadia alisema kuna mtu anamwita, akakata.

Mchana ule Edina alimwandikia Daktari Gwakisa kupitia sanduku la maswali la chuo. Aliandika kwa adabu, akasoma mara mbili, akatuma. Jibu lilikuja papo hapo, na halikutoka kwa mtu: *Ndugu mwanafunzi, taa yako ni ya kijani. Hongera. Hakuna swali linalosubiri kwa jina lako.* Aliandika tena. Likaja lile lile. Aliandika kuwa kuna mji unakunywa maji mabaya. Likaja lile lile, na safari hii limeongezewa picha ya ua.

*

"Kimbia ngazi za tangi," alishauri Swalehe, Alhamisi saa kumi jioni, wakingoja kipindi. "Mara nne, juu na chini. Ukirudi hapa unahema kama mbuzi, utepe utasoma nini? Nyekundu. Kipaza sauti kinafunguka, unasema, kwisha."

"Huo nao utakuwa uongo."

"Uongo wa kusema kweli."

"Wiki kumi na moja nimempa mwalimu taa isiyo yangu, hata kama sikukusudia. Nikimpa na nyingine ya bandia, atajuaje ipi ndiyo mimi?"

Swalehe alitikisa kichwa. "Nyinyi Wahehe. Mhehe hata akipotea njia hawezi kuuliza, anaendelea kutembea mpaka afike Kongo."

"Na Mngoni akiuliza, haendi alikoambiwa."

"Haendi," alikubali. "Lakini amefurahi." Kisha akaacha utani. "Utepe ukiuvua je?"

"Nahesabiwa sikuhudhuria. Nimeshakosa vipindi viwili, kwa msiba na kwa umeme. Cha tatu wananitoa. Na nikitolewa siwezi kusema."

Edina alikuwa amelitafakari jambo hilo usiku na alfajiri. Kumwangusha Daktari Gwakisa, kijana aliyemwita mama na kumaanisha. Kuwakosesha ufunguo watu kumi na watatu ambao wengine, kama yeye, walikuwa wamesubiri miaka. Upande wa pili palikuwa na mji asioujua, na watoto wanaojaza madumu asubuhi kabla ya shule, mvua ikiwa imeshapiga mwezi mzima. Alipoliweka hivyo halikuwa gumu kuamua. Gumu lilikuwa kutenda, kwa sababu kila alipojaribu kuogopa, maombi yalimwahi. Mwili wake ulikuwa umejifunza njia hiyo, haukuhitaji ruhusa yake.

Na lipo jambo moja alilolipata alfajiri ile akiwa amepiga magoti, likamwaibisha. Wiki kumi na moja aliomba utulivu, akapewa utulivu, kipimo kilichosukwa-sukwa na kushindiliwa. Kuelewa hakuwahi kuomba hata siku moja.

Saa kumi na moja jioni kioo kikawaka.

Daktari Gwakisa alikuwa amevaa tai. Taa kumi na nne zikajipanga. Sura ya tisa ilihusu namna ya kuandika kumbukumbu za mtambo, na haikuwa na ugumu wowote. Sindano ilianza kwenye hamsini na kupanda bila kusita. Sitini. Sitini na nne. Edina alijilazimisha kuogopa. Alifikiria zahanati, alifikiria korido. Moyo ukaanza kupiga, na papo hapo, kama mkono wa mama unavyomfuata mtoto anayelia, neno likaja: Bwana. Mabega yakashuka. Kijani.

Sabini.

Swalehe alikuwa amesimama mlangoni nje ya macho ya kioo, kofia mkononi.

Sabini na tatu.

Edina aliacha kujitisha. Alivuta daftari, akafungua sura ya tatu, akaweka kidole kwenye mstari wa nguvu ya dawa. Na akaomba, lakini safari hii alibadilisha ombi. Hakuomba atulizwe. Bwana, alisema, nionekane nilivyo. Kisha akaanza kusoma mstari ule neno kwa neno, kama mtu anayetaka kweli kufika mwisho wake. Kwa nini sitini na tano? Sitini na tano ya nini? Kwa nini nazidisha, nani aliniambia nizidishe? Hakujua. Akarudi mwanzo. Hakujua. Alisoma mara ya tatu na kila neno likawa ukuta, na safari hii hakukimbilia popote, alibaki pale pale mbele ya ukuta, mzee wa miaka hamsini na minne aliyeshindwa na mstari mmoja. Jasho likatoka chini ya kilemba. Alihisi nyusi zikikunjana, akaziacha zikunjane.

Sabini na saba.

Juu ya kioo, taa yake ikawa njano. Kisha nyekundu.

Daktari Gwakisa alinyamaza katikati ya neno. Akapandisha miwani. Kipaza sauti kikalia mlio mdogo ambao Edina hakuwahi kuusikia kwa jina lake.

"Mama Edina?"

"Mwalimu, shikamoo," alisema, na hapo hapo akajua amekosea, yeye ndiye mkubwa, lakini hakukuwa na muda wa kurudi nyuma. "Sijaelewa sura ya tatu. Sijaelewa ya nne wala ya tano. Nilipokuwa napotea nilikuwa naomba, na nikiomba natulia, na utepe unadhani nimeelewa. Sikujua kuwa ni kosa mpaka jana. Wenzangu wakiniona nimetulia na wao wanatulia. Nguvu ya dawa nilipata sitini na tano, na upo mji unaotumia namba hiyo siku ya tisa leo, naomba umwambie mwenye mji huo kama ni sawa au si sawa, mimi siwezi, sijui, nisamehe mwalimu wa—"

Kipaza sauti kikafunga.

Hakuna aliyezungumza, kwa sababu hakuna aliyeweza. Edina alitazama safu. Taa ya Obadia Nzowa ilitetemeka, ikaingia njano, ikawa nyekundu. Ikafuata ya mwanamke mmoja wa Kyela, kisha mbili kwa pamoja, kisha nyingi hata hakuweza kuzihesabu. Sindano ikaporomoka, hamsini, arobaini, ishirini na moja. Maandishi ambayo hawajawahi kuyaona yakatokea chini ya kioo: *Somo limerudishwa mikononi mwa mwalimu.*

Daktari Gwakisa alivua miwani, akabaki ameishika. Edina alidhani anamwona mtu anayelia, akajiandaa kwa hilo. Lakini kijana yule alipumua tu, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo yake haijaamini bado.

"Mnajua," alisema, "tangu wiki ya pili nilikuwa nasema mwenyewe, hawa watu wanaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Nikasema ni wazoefu. Kila nilipotaka kurudia, mizani ilinipita. Nikaacha kutaka kurudia. Ilinifaa kuacha." Alivaa miwani. "Hilo ni langu, wala si la Mama Edina. Chuo nitakijibu mimi. Sasa, mwenye mji, nani?"

Taa nyekundu ilimfungulia Obadia. "Ni mimi, Daktari."

"Sitini na tano si sawa. Ni chini ya nusu. Andika mia na hamsini na nne sasa hivi, kisha pima bomba la mwisho. Kwa nini, nitakueleza ukirudi, tutakusubiri. Nenda."

Kwenye kioo, kiti cha Obadia kikabaki kitupu, kikizunguka.

"Mama Edina," Daktari aligeuka, akivifungua vipaza sauti vyote. "Ukinunua maharage gulioni, gunia lina mawe. Katika kila kilo mia, maharage ni kilo sitini na tano, yaliyobaki ni mawe. Unataka upate maharage safi kilo mia moja. Utabeba gunia la kilo mia, au zaidi?"

"Zaidi," alijibu Edina bila kufikiri.

"Ukizidisha mia kwa sitini na tano kwa mia, unapata zaidi au pungufu?"

"Pungufu." Alisimamisha kidole. "Kumbe nilikuwa napunguza dawa kwa sababu ina mawe. Ilitakiwa niongeze, kwa sababu ina mawe. Nagawanya."

"Gawanya."

Aligawanya kwenye daftari, polepole, na kalamu ilipofika mwisho alipata mia na hamsini na tatu na kitu, akaipandisha. Mlangoni Swalehe alipiga kofia yake pajani mara moja, akatoka nje, na wakamsikia akikohoa kwa muda mrefu kule karibu na machujio.

Walirudia sura ya tatu yote. Kisha ya nne. Daktari alimwita kila mmoja kwa jina na kumfanya aseme kwa mdomo wake. Yule wa Kyela alikosea mara tatu, wakacheka wote, hata yeye mwenyewe. Mizani ilibaki pale chini, ikisogea na kurudi, wala hakuna aliyeitazama tena.

*

Ijumaa asubuhi tangazo la chuo lilikuwa limeshafika: funguo zimesimamishwa kwa wiki sita, kozi inaanza upya kutoka sura ya tatu, matumizi ya utepe yatapitiwa. Chini yake Daktari Gwakisa aliongeza mstari wake mwenyewe, kwamba amehojiwa kwa muda wa saa moja na nusu na bado ni mwalimu wao mpaka atakaposikia vingine. Watatu kati ya wanafunzi waliandika kulalamika. Mmoja alimwambia Edina wazi kuwa amemchelewesha kupandishwa cheo. Edina alimwomba radhi, lakini hakujuta.

Swalehe alikubali kubaki wiki hizo sita. Alilalamika kuhusu buti. Mlinzi alikuwa ameshazivaa na hakuonesha dalili ya kuzivua, ikabidi mzee atembee kwenye matope kwa kandambili, akimlaumu kila Mhehe aliyewahi kuzaliwa.

Lakini Obadia hakuwa amerudi darasani jana, wala hakupokea simu. Edina alioga, akafagia ofisi, akasoma mita mbili, akasahau alichosoma, akasoma tena. Saa tatu na robo simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Sema."

"Jana nilipotoka, hata kabla ya kubadilisha namba, nilienda moja kwa moja kwenye bomba la mwisho, kule shule ya msingi. Nikaweka kidonge cha kupimia. Maji yakabaki meupe. Hayakuwa na dawa hata tone, mama. Niliketi pale chini."

"Kisha?"

"Nikarudi, nikaandika mia na hamsini na nne. Nikamfuata mwenyekiti wa mtaa, tukapita na kipaza sauti watu wachemshe maji. Leo alfajiri nimeenda zahanati kwanza, nilikuwa naogopa bomba. Muuguzi amefungua kitabu, tumekisoma wote wawili, siku zote tisa. Watu wa tumbo ni wawili, na mmoja alikula samaki mbovu kwenye harusi, kila mtu anajua."

"Na huyo mwingine?"

"Bibi mmoja. Nimeenda kwake. Nimemkuta anapalilia, akanifukuza kwa jembe, anasema anaumwa nani."

Edina alisikia kicheko kikimtoka, kidogo, kama kikohozi.

"Halafu nikaenda kwenye bomba," Obadia alisema. "Nimeweka kidonge. Yamekuwa mekundu, mama. Yale ya waridi. Nimeyashika hapa mkononi, watoto wamenizunguka wanasema mjomba anauza juisi."

Edina alikaa kwenye ndoo. Nje Swalehe alikuwa akibishana na mlinzi.

"Mama? Uko hapo?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Subiri kidogo, mwanangu. Usikate."

Aliweka simu magotini, akainamisha kichwa. Hakuharakisha. Kule milimani kijana alisimama na kichupa chake mkononi, watoto wakimvuta shati, akasubiri mpaka aliposikia simu ikiinuliwa tena.

"Amina," alisema Obadia, ingawa hakuwa amesikia neno hata moja.